Mbwa Aliyehasiwa: Siku 14 za Kumtunza Nyumbani

Kila mfugaji wa Isiolo anaijua kazi ya kuhasi. Fahali hulazwa chini, mishipa ya mapumbu yake hubanwa kwa koleo la Burdizzo pasipo ngozi kukatwa, kisha hufunguliwa kamba akaenda zake malishoni siku ile ile. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mbwa aliyehasiwa ni sawa na maksai, na jioni ya siku ya kupasuliwa humwacha alale zizini pamoja na mbuzi kama ilivyo desturi yake. Walakini mbwa si fahali. Yeye hupewa dawa ya usingizi, hukatwa kwa kisu, hushonwa kwa uzi, na kidonda chake hakina budi kukaa kikavu na kisafi mpaka kipone. Kazi ya daktari wa mifugo huisha asubuhi moja. Kazi inayobaki, nayo ni ya siku 10 hadi 14, ni yako wewe mwenye mbwa.

Dume hukatwa mahali padogo, mara nyingi mbele kidogo ya mfuko wa mapumbu, na mapumbu yote mawili hutolewa. Jike hupasuliwa tumbo, akatolewa vifuko vya mayai na mara nyingi mji wa mimba pia. Basi kidonda cha jike ni kikubwa zaidi, tena kina tabaka mbili au tatu za mshono, moja juu ya nyingine. Mwenye mbwa jike na azidishe uangalifu mara mbili.

FAIDA YAKE

Wako wazee wasemao kwamba mbwa akihasiwa hulegea, hawezi tena kumkabili fisi. Maneno hayo si kweli. Ulinzi wa mbwa hautoki katika mapumbu. Hutoka katika malezi yake, yaani kukaa na mbuzi tangu alipokuwa mtoto. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wa kulinda mbuzi na kondoo wasiliwe na duma, na kuhasiwa hakuwazuii mbwa wa namna hiyo kufanya kazi yao. Kinachopungua kwa dume ni kutangatanga. Dume asiyehasiwa akisikia harufu ya jike aliye katika joto huacha zizi usiku, akaenda mbali, akapigana, akarudi na majeraha au asirudi kabisa. Chui hangoji mpaka arudi.

Kwa upande wa jike faida ni kwamba hazai tena watoto wasiotakiwa, na hapati ule ugonjwa wa usaha katika mji wa mimba ambao huua majike wengi waliozeeka. Tena mbwa asiyepandana haambukizwi ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoka damu, ambao hupita kutoka mbwa hata mbwa kwa njia hiyo.

Iko faida nyingine isiyomhusu mwenye mbwa peke yake. Mbwa koko wakiwa wengi, magonjwa hupata njia. Mwaka 1912 ndio mwaka ambao kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza katika Kenya, na hata leo karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo huwa wameumwa na mbwa. Serikali ilianza mpango wake mwaka 2014, shabaha yake ikiwa kuyamaliza mauti hayo ifikapo mwaka 2030, na ili mpango huo ufaulu yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Vitoto vinavyozaliwa ovyo kila mwaka huharibu hesabu hiyo. Kwa jirani zetu wa Laikipia, mwaka 2017, ugonjwa wa distempa uliwaua mbwa mwitu wengi, makundi mazima yakatoweka. Ugonjwa huo huwapata mbwa wa nyumbani pia. Lakini kumbuka, kuhasiwa si chanjo. Mbwa aliyehasiwa asiyechanjwa anaweza kupata kichaa kama mwingine yeyote.

KUCHAGUA WAKATI

Jambo hili lataka kufikiriwa kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mbwa hatatoka na mifugo kwa muda wa wiki mbili. Wakati wa kiangazi kikali mbuzi huenda mbali na mbwa anahitajiwa kila siku. Wakati wa mvua mbuzi hulisha karibu na nyumbani, lakini kuna matope na nzi ni wengi mno. Kwa maoni yetu wakati ulio bora ni ule mvua zinapokwisha tu, yaani mwezi wa Juni, au Januari baada ya mvua za vuli, majani yakiwa bado karibu na ardhi imeshakauka. Jike asipasuliwe akiwa katika joto, maana mishipa yake imejaa damu. Na mwenye kukaa mbali, kama vile Merti au Garba Tula, aulize mapema katika ofisi ya mifugo ya kaunti ni siku gani daktari atakuwapo karibu naye, kuliko kumsafirisha mbwa mgonjwa saa nyingi juu ya gari la mizigo.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyeandikishwa. Sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari na wasaidizi wa mifugo haimruhusu mtu yeyote tu kushika kisu. Wala usijaribu kumfunga mbwa mpira au kumbana kwa lile koleo la fahali. Maumivu yake ni makali, na mfuko unaweza kuoza.

SIKU YA KWANZA

Mbwa atokapo katika usingizi wa dawa hupepesuka kama mlevi, hulia bila sababu, hutetemeka, na pengine hamtambui bwana wake. Usimpakie juu ya pikipiki ndani ya gunia. Amelegea, shingo yake inaweza kujikunja akakosa pumzi. Mlaze kwa ubavu juu ya gunia lililotandazwa, watu wawili washike pembe zake kama machela, apandishwe kwenye gari au mkokoteni wa punda, na kichwa kiwe kimenyooka.

Ukifika nyumbani mlaze kivulini, mahali pasipo kelele, mbali na mbuzi, ng'ombe, watoto na mbwa wengine. Mbwa wengine wakimwona anapepesuka wanaweza kumshambulia. Jua la Isiolo laweza kumuua mbwa aliyelewa dawa, kwa sababu mwili wake bado haujui kujipoza, wala hana akili ya kuinuka akafuata kivuli kinaposogea. Basi aweko mtu wa kumtazama na kumsogeza. Usiku kukiwa na upepo mfunike gunia kavu, maana mwili uo huo hauwezi kujipasha moto vizuri.

Maji apewe kidogo kidogo baada ya kuweza kuinua kichwa na kusimama mwenyewe. Usimmiminie maji wala maziwa kinywani akiwa bado amesinzia, yatamwingia mapafuni. Jioni, akiwa macho kabisa, apewe chakula laini kadiri ya nusu ya chakula chake cha kila siku. Akitapika mara moja usishtuke. Akikataa kula usiku ule mwache mpaka asubuhi.

Tena jihadhari na meno yake. Mbwa mpole akiumwa huuma. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa alichanjwa. Huko ndiko watakakoamua kama anahitaji sindano.

MAHALI PA KULALA

Tunapenda kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndipo mbwa wa kwetu wanapoharibikiwa.

Mbwa wa boma hupenda kulala juu ya majivu ya moto wa jana, au juu ya mbolea ya mbuzi kwa sababu ina joto. Mchana, jua likiwa kali, huchimba shimo chini ya mti akalaza tumbo kwenye udongo wa chini ulio baridi. Kwa mbwa mzima ni akili nzuri. Kwa jike aliyeshonwa tumbo ni hatari kubwa, kwa maana mshono wake ndio unaogusa udongo ule, na udongo wa boma una vijidudu vingi, kikiwamo kile cha pepopunda.

Kwa hiyo mtengenezee mahali pake. Fagia kivuli cha mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Tandika magunia mawili yaliyofuliwa na kuanikwa juani. Moja likichafuka badilisha. Funika juu kwa turubai au majani ikiwa kivuli ni chepesi. Weka maji karibu wakati wote, maana mbwa aliye na maji na kivuli kizuri hana haja ya kuchimba. Mfunge kwa mshipi mpana shingoni na kamba fupi ya kadiri ya mita 2, isiyoweza kumzonga kwenye mti. Kitalu cha matawi ya mgunga hakifai kuwa karibu sana, kwa kuwa mwiba mmoja watosha kuurarua mshono.

Katika nyumba nyingi za Waborana na Wasomali mbwa haingii ndani, wala si lazima aingie. Mahali pa nje palipotengenezwa vizuri panatosha kabisa. Mwenye kumshika avae glavu za mpira, au mfuko wa plastiki mkononi, na magunia ya mbwa yatengwe yasichanganywe na vitu vya nyumbani. Mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa, jambo linalojulikana. Na mwenye shaka kuhusu kuhasi na amuulize shehe wake kabla ya kumpeleka mbwa kwa daktari.

Kwa siku zote hizo asikimbie, asiruke, asipandwe na watoto, asiogeshwe, wala asivuke Ewaso Ng'iro. Mtembeze kwa kamba mara mbili tatu kwa siku, dakika chache tu, apate kukojoa na kunya. Siku ya tano hivi atajiona amepona na kuanza kuvuta kamba. Hapo ndipo wengi humwachilia, na hapo ndipo mishono mingi hufumuka. Ngozi ya juu imeshikana, lakini nyama ya chini bado.

KULAMBA KIDONDA

Husemwa kwamba ulimi wa mbwa ni dawa. Ulimi wa mbwa ni mkwaruzo, na mate yake yamejaa vijidudu; mbwa mwenye bidii anaweza kuzitoa nyuzi zote kwa usiku mmoja. Madukani kuna kola ya plastiki iliyo kama faneli kwa kuzuia jambo hili. Usipoipata, tengeneza yako. Chukua ndoo ndogo ya plastiki au mtungi wa lita 5 au 10 kwa kadiri ya ukubwa wa mbwa, ulioshika maji au mafuta ya kupikia, si sumu ya kupe. Kata tundu kwenye kitako litoshe shingo, toboa vitundu vinne pembeni mwake, funga makali yote kwa kitambaa yasimkate, kisha pitisha kamba katika vitundu hivyo na kuifunga kwenye mshipi wa shingo. Ukingo wa mbele uipite pua yake kwa urefu wa vidole viwili au vitatu. Hakikisha vidole viwili vyaweza kupita kati ya shingo na mshipi, na kwamba anaweza kunywa maji. Kama hawezi, mvue wakati wa kula na kunywa ukiwa umesimama hapo hapo. Atachukia siku ya kwanza, atagonga kila kitu. Siku ya pili huzoea.

Jike aweza kuvikwa fulana kuukuu iliyo safi, miguu ya mbele ikipita mikononi, nayo ikafungwa fundo juu ya mgongo. Ikilowa mkojo ibadilishwe.

KUTAZAMA KIDONDA

Tazama kidonda asubuhi na jioni, kwa mwanga wa mchana, bila kukigusa. Wekundu kidogo, uvimbe mdogo na matone machache ya majimaji mekundu katika siku mbili za kwanza ni mambo ya kawaida. Kwa dume, mfuko wa mapumbu hubaki, nao huvimba kidogo hata watu wakadhani kwamba daktari hakufanya kazi yake. Mfuko huo ni mtupu, utasinyaa wenyewe.

Yasiyo ya kawaida ni haya: damu inayodondoka bila kukoma, uvimbe unaozidi kila siku au kuwa wa moto, usaha au harufu mbaya, nyuzi kuachana, mbwa kutapika tena na tena, kutokojoa siku nzima, au kukataa chakula zaidi ya siku moja. Mfunue mdomo uone ufizi. Ufizi wa mbwa mzima ni mwekundu mwekundu, na ukiubonyeza kwa kidole ukauachia rangi hurudi mara moja, kabla hujahesabu mbili. Ukiwa mweupe kama karatasi, naye amelegea na tumbo limejaa, huenda anavuja damu ndani. Huyo hangoji kesho. Apelekwe kwa daktari saa ile ile, hata kama ni usiku.

Ikiwa tumbo la jike limefumuka na matumbo yanaonekana, usiyarudishe kwa mkono. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, lowesha kitambaa safi, funika matumbo, zungusha kanga au shuka tumboni kuyashikilia, na mpeleke upesi. Wakati mwingine mbwa wa namna hii hupona akiwahiwa.

Nzi ni adui wa pekee katika nchi yetu ya joto. Mayai yao ni kama punje ndogo nyeupe zilizoshikamana pembeni ya kidonda, na kwa joto la Isiolo huweza kuanguliwa yakawa funza ndani ya siku moja. Ukiyaona yafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na umwite daktari. Ni vizuri kumwomba dawa ya kupulizia ya kufukuza nzi siku ile ile ya upasuaji.

VITU VYA KUTOPAKA NA DAWA ZA KUTOTOA

Usipake mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu, samadi, spiriti wala unga wa betri. Vyote hivyo huunguza nyama changa au huingiza uchafu. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe mpaka kidonda kipone.

Watu wengi wana chupa ya tetrasaiklini iliyobaki baada ya kudunga mbuzi, nao huona si vibaya kumdunga na mbwa kidogo. Ni vibaya. Kipimo chake si hicho, na upasuaji uliofanywa kwa usafi mara nyingi hauhitaji dawa hiyo. Aivamektini ya ng'ombe ni mbaya zaidi, kwa kuwa kiasi kidogo tu kikizidi chaweza kumtia mbwa upofu, kifafa au kumuua. Hata vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu havifai. Aibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na parasetamoli huweza kuharibu ini lake. Mbwa akiumwa, akakaa amejikunja mgongo, akitetemeka na kukataa kulala, mwombe daktari dawa iliyo ya mbwa, na umpe kwa kipimo alichokuandikia mpaka iishe.

CHAKULA

Kwa siku mbili tatu mpe ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa nyama au maziwa kidogo, kisha chakula chake cha kawaida. Nyumba nyingi humhurumia mbwa mgonjwa na kumtupia mapafu na maini mabichi wakati wa kuchinja. Ikiwa katika mapafu au maini hayo kuna vifuko vya maji, mbwa ataota minyoo midogo ya tegu, na mayai yake yatawapata watoto wanaomshika. Mayai hayo huota vifuko vikubwa katika maini ya binadamu, ugonjwa ambao Waturkana wameuona sana. Basi vichemshwe kwa zaidi ya nusu saa au vifukiwe ndani sana.

Mbwa aliyehasiwa huhitaji chakula pungufu kidogo kuliko zamani, la sivyo hunenepa. Shauri hili ni la wenye mbwa wa mjini; mbwa anayetembea na mbuzi kutoka alfajiri hadi magharibi sijamwona akinenepa.

NANI ATALINDA MBUZI

Hili ndilo swali la kweli, nalo ndilo linalowafanya watu wamrudishe mbwa kazini mapema. Mwenye mbwa wawili asiwapeleke wote siku moja. Mwenye mmoja na apatane na jirani, mbuzi wao walale zizi moja kwa wiki hizo mbili, au waazimane mbwa kwa zamu. Ua wa miiba uongezwe kimo na matundu yazibwe kabla ya siku ya upasuaji, na taa iwashwe usiku. Mbwa mwenyewe, akiwa amefungwa mahali pake kando ya zizi, bado anaweza kubweka, na kubweka ndiyo nusu ya kazi yake.

Baada ya siku 10 hadi 14 mrudishe kwa daktari akatolewe nyuzi. Baadhi ya nyuzi huyeyuka zenyewe. Uliza siku ile ya kwanza ni za namna gani. Usizikate kwa wembe nyumbani. Daktari akisema kidonda kimefunga, mwachilie kidogo kidogo, siku ya kwanza karibu na boma, kisha malishoni. Dume asiachwe karibu na jike aliye katika joto kwa muda wa wiki 6 hivi, kwa sababu mbegu zilizobaki katika mirija zaweza bado kumtia mimba. Na siku hiyo hiyo ya kutoa nyuzi, kama mbwa wako hajachanjwa kichaa, mwombe daktari amchanje, akupe na cheti chake ukiweke pamoja na karatasi za mifugo.